Sukari juu ya chembe nyeupe, na kwa nini homa ya mtoto SS haingoji asubuhi

Tukitaja sukari kwenye damu, wengi hapa Lubumbashi wanafikiria kisukari, au ile ya kutia kwenye chai. Kuna sukari nyingine ambayo glukometa haiioni. Kila chembe ya mwili imevikwa minyororo mifupi ya sukari iliyoshikizwa kwenye protini na mafuta ya ngozi yake. Zinazotumika ni chache: galaktosi, manosi, fukosi na jamaa zao, na mara nyingi mwishoni mwa mnyororo huwekwa asidi ya siali. Hakuna jeni moja inayopanga mnyororo mzima. Vimeng'enya vilivyo ndani ya chembe huongeza sukari moja baada ya nyingine, na kimoja kikikosekana mnyororo hutoka pungufu.

Sukari moja tu ya mwisho ndiyo inayotenganisha damu ya kundi A na ya kundi B, na kosa hapo linaweza kuua mgonjwa anayeongezewa damu. Hilo linajulikana. Kisichosemwa sana ni kazi ya sukari hizi kwenye chembe nyeupe, na katika mji wenye familia nyingi zinazolea watoto SS (wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu kupinda), kinafaa kusemwa.

Neutrofili ndiyo chembe nyeupe inayotangulia kufika kwenye kidonda. Inasafiri kwa kasi ya damu, na peke yake isingeweza kusimama. Ukuta wa mshipa uliochokozwa hutoa nje protini zinazoitwa selektini. Aina ya P imewekwa tayari ndani ya ukuta na ndani ya chembe sahani (zinazogandisha damu), hivyo hutokeza baada ya dakika chache. Aina ya E ni lazima itengenezwe kwanza, kazi ya saa kadhaa. Selektini hushika ncha ya sukari kwenye neutrofili, pale asidi ya siali na fukosi zinapokaa jirani. Mshiko wenyewe ni hafifu na huachia upesi, kama mbegu za majani zinazonasa kwenye suruali, kwa hiyo neutrofili haikwami bali inabingirika polepole ukutani. Ikikuta dalili za mikrobe, protini nyingine ziitwazo integrini huifunga pale pale, kisha hupenya kwenda nje ya mshipa.

Ncha hiyo ikikosekana? Mwaka 1992 ulielezwa ugonjwa wa nadra sana wa watoto ambao miili yao haiweki fukosi kwenye minyororo hii. Neutrofili zao kwenye damu zilikuwa nyingi kupita kiasi, lakini vidonda vyao havikutoa usaha. Chembe zilikuwepo, zilikosa pa kushikia.

Kwa mtoto SS, mtambo huo huo hufanya kazi pasipotakiwa. Chembe nyekundu ngumu, zilizopinda, hupasuka. Hemoglobini, protini nyekundu inayobeba oksijeni, ikimwagika inachokoza ukuta, na selektini zinatokeza ingawa hakuna mikrobe yoyote. Neutrofili zinanata kwenye vena ndogo, chembe nyekundu zinanata juu yake, mshipa unaziba, mfupa unauma. Kwa hiyo anayesema krizi (maumivu hayo makali) ni damu kupinda tu amesema nusu. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba inazidisha mambo kwa sababu mishipa ya ngozi na mifupa hujikaza na damu kupita taratibu. Mvalisheni mtoto nguo za kutosha tangu jioni, aoge maji ya moto kiasi, anywe maji hata kama hasikii kiu. Lakini msilale na mbabula (jiko) ya makala ndani ya chumba kilichofungwa: gesi yake inakalia hemoglobini mahali pa oksijeni, na mtoto huyu hana damu ya kupoteza.

Dawa ya sindano inayoziba selektini ya P, krizanlizumabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2019. Utafiti uliofuata haukuthibitisha faida yake, na Ulaya iliondolewa mwaka 2023. Kwa maoni yetu, mzazi asiuze kiwanja kwa ajili yake. Hidroksiyurea ni ya zamani, ya kumeza, na inafanya mambo mawili pamoja: inaongeza hemoglobini ya mtoto wa tumboni, isiyopinda, na inapunguza neutrofili zinazonata. Utafiti wa REACH, ambao Kinshasa ilikuwa moja ya vituo vyake vinne barani Afrika, ulionyesha krizi zikipungua zaidi ya nusu, na malaria pia ikipungua. Huanzwa na daktari kwa miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, pamoja na NFS (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) ya kurudiwarudiwa. Neutrofili zikishuka chini ya 1,000 kwa mikrolita, dawa husimamishwa kwanza.

Na hapo kwenye NFS ndipo labo nyingi hukosea. Uboho wa mtoto SS huachilia kwenye damu chembe nyekundu changa zenye kiini, na mashine nyingi huzihesabu kama chembe nyeupe. Tuseme mashine imetoa 22,000. Fundi aangalie lamu (kioo chenye tone la damu) kwa darubini na kuhesabu chembe changa kwa kila chembe nyeupe 100. Akikuta 30, anafanya 22,000 × 100 ÷ 130, na jibu la kweli ni karibu 16,900. Asiposahihisha, yanakuja makosa mawili yanayopingana: mtoto asiye na maambukizi anajazwa antibiotiki, na mwenye kumeza hidroksiyurea anaonekana ana neutrofili za kutosha wakati zimeshuka. Tena, mtoto SS mzima wa afya huweza kuwa na chembe nyeupe 12,000 hadi 15,000 kila siku. Andikeni hesabu ya siku zake nzuri kwenye daftari lake.

Upande wa pili wa sukari ni mikrobe. Nyumokoki, inayoleta nimonia na meninjiti, hujifunika koti nene la sukari, na kuna aina zaidi ya 90 za koti hilo. Neutrofili hailimezi kwa urahisi mpaka kingamwili ziligande, na chembe zilizobobea kutengeneza kingamwili dhidi ya sukari tupu zinakaa kwenye bandama. Bandama ya mtoto SS huziba mapema sana na kuacha kazi, hata ile ambayo daktari anaigusa na kuikuta kubwa. Isitoshe, mtoto wa chini ya miaka 2 hujibu vibaya chanjo ya sukari peke yake. Ndiyo maana chanjo ya wachanga, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, imefunga sukari hiyo kwenye protini: chembe T (chembe nyeupe zinazoongoza kinga) husoma protini na kuamsha zile zinazotengeneza kingamwili.

Chanjo haifuniki aina zote, hivyo mtoto hupewa pia penisilini V, miligramu 125 asubuhi na jioni mpaka miaka 3, kisha 250 mpaka 5. Sirapu ikishachanganywa na maji hudumu siku chache tu, tena ndani ya frigo. Kwa umeme wetu, kidonge kilichopondwa ni cha kuaminika zaidi. Poda zinazouzwa kama sukari za kuongeza kinga hazina nafasi hapa. Mwili hujitengenezea sukari hizi kutoka kwa glukosi ya bukari.

Homa ikifika 38.5, msianze na paracetamoli mkangoja kuche. Nyumokoki inaweza kumaliza mtoto SS ndani ya saa chache, ndiyo maana seftriaksoni (antibiotiki ya sindano) hupigwa kabla ya majibu ya labo, hata kama kipimo cha malaria kimetoka chanya. Bebeni kadi ya chanjo na daftari, na mtaje SS kwa muuguzi wa mlangoni kabla ya kukaa kwenye foleni.