Matairi ya Theluji Hayafai Kisumu: Kulitafutia Gari la Zamani Matairi ya Bei Nafuu

Kila mwaka, mvua za masika zinapokaribia, karakana yangu hapa Kisumu hupokea wenye magari ya miaka ya tisini wanaotaka jambo moja: matairi manne yenye meno marefu, kwa bei isiyowamaliza. Mwaka huu wa kwanza kufika alikuwa mwalimu mstaafu mwenye Toyota Corolla, ambaye tayari alikuwa ameyanunua ya mitumba na kuyapakia kwenye kiti cha nyuma, akihitaji kufungiwa tu.

"Fundi, nimepata bahati," akaniambia. "Tazama meno haya, ni kama mapya."

Nililaza moja sakafuni na kulipangusa ubavu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Chini ya rangi ya kung'arishia lilijitokeza neno STUDLESS, na kando yake mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ilinibidi nimwambie, "Mwalimu, haya yalitengenezewa barafu."

Neno hilo lina maana ya tairi lisilo na misumari. Zamani Wajapani wa sehemu za baridi walifunga matairi yenye misumari ya chuma ili yashike barafu, lakini misumari hiyo ilikwangua lami na kujaza vumbi katika miji kama Sendai na Sapporo, hata ikatungwa sheria mwaka 1990 ya kulizuia vumbi hilo. Mahali pa msumari pakachukuliwa na mpira laini wenye mikato mingi myembamba, kama ya wembe, juu ya kila jino. Mpira huo umekusudiwa baridi ya chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Mchana wa Kisumu hukaribia nyuzi 30, na lami yenyewe huwa na moto kuliko hewa. Hapo mpira hulegea, meno huyumba, usukani huitikia kwa kuchelewa, na gari huhitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame, hasa lami ikiwa imelowa. Tena huisha upesi. Hata Timboroa, ambako alfajiri vidole hufa ganzi, hatuendeshi juu ya barafu. (Herufi M+S, za maneno ya Kiingereza ya matope na theluji, peke yake zisikutishe, kwa kuwa huandikwa pia kwenye matairi mengi ya kawaida ya magari makubwa, alama ya kuangalia ni ule mlima wenye theluji, au neno lenyewe.)

Kwa hiyo urefu wa meno hautoshi kuwa kipimo. Ukishahakikisha kwamba tairi si la theluji, tafuta ubavuni herufi DOT na uzifuate mpaka tarakimu nne za mwisho: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mimi sifungi tairi la mitumba lililozidi miaka sita, hata liwe na meno ya kupendeza, kwa sababu mpira hukauka kwa umri hata usipotembea. Likunje kidogo kwa mikono utazame kama nyufa ndogondogo zinafunguka. Kisha tazama ndani, ambako wanunuzi wengi hawatazami kamwe: kiraka kilicho karibu na ubavu, au uvimbe wowote, ni sababu ya kuliacha. Na chini ya mifereji tafuta vile vituta vidogo vya mpira vinavyoonyesha kwamba meno yamebaki milimita 1.6. Mifereji ikiwa mirefu na vituta vimekatwa katikati, ujue tairi lilichongwa upya kwa chuma cha moto, na mpira uliobaki juu ya nyuzi za ndani ya tairi ni mwembamba mno.

Hesabu nayo isaidie. Tuseme la mitumba ni shilingi 2,500 na litakutumikia mwaka mmoja, ilhali jipya la bei ya chini ni shilingi 6,000 na litatumika miaka minne. Jipya linakugharimu shilingi 1,500 kwa mwaka. Ndiyo maana huwashauri wenye uwezo mdogo wanunue mapya mawili sasa na mawili baadaye, badala ya manne ya kubahatisha.

Ugumu wa gari la zamani ni saizi. Corolla ya Mwalimu hutumia 175/70R13, yaani upana wa milimita 175, kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, na rimu ya inchi 13, na rimu za 13 zimepungua madukani. Ukihamia rimu za 14, chukua 185/60R14, ambayo kimo chake kinazidi kile cha awali kwa milimita mbili na kitu tu. Usikubali kuuziwa 185/70R14 kwa kuwa ndiyo iliyopo: hiyo inazidi kwa karibu milimita 40, itakwaruza matao ya magurudumu, na spidi utakayoisoma itakuwa chini ya mwendo wako halisi kwa karibu asilimia 6.

Mwalimu aliyarudisha yale manne kwa muuzaji, akaja na mapya mawili. Alitaka yakae mbele, kwa hoja kwamba injini na usukani viko huko. Nikayafunga nyuma. Kwenye maji, magurudumu ya mbele yakiteleza gari hunyoosha njia na dereva huhisi mapema, akaachia mafuta. Ya nyuma yakiteleza, gari hugeuka ghafla, na kwenye kona za kupanda Kericho mvua ikinyesha hakuna nafasi ya kulirudisha. Yale mawili ya zamani yaliyokuwa na nafuu yalibaki mbele, tukayapima upepo yote manne yakiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Mwisho nilimwomba afungue buti tulitazame tairi la akiba. Lilikuwa na meno yote, halijawahi kugusa barabara, na ubavuni lilisomeka 0903. Tuliliondoa siku hiyohiyo, na bora zaidi kati ya yale mawili yaliyotoka nyuma likachukua nafasi yake.