"Kwetu hakuna mwenye sukari, mtoto ameitoa wapi?"

Swali: Mwanangu wa miaka 7 amegundulika na kisukari aina ya kwanza. Kwetu hakuna, kwa baba yake hakuna. Mawifi wananiangalia mimi.

Jibu: Pole sana, mama. Waambie mawifi kwamba zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wanaopata kisukari hiki hawana mzazi wala ndugu wa tumbo moja mwenye nacho. Kinachorithiwa si ugonjwa wenyewe, ni wepesi wa kuupata. Vinasaba vyenye uzito mkubwa viko kwenye kromosomu ya 6, eneo linaloitwa HLA, na kazi yake ni kuisaidia kinga ya mwili kutambua nani mwenyeji na nani mgeni. Nusu mtoto kaichukua kwako, nusu kwa baba yake. Inawezekana kila mmoja wenu amebeba kipande ambacho hakijawahi kumsumbua, vikakutana kwa huyu mtoto. Kinga yake ikaanza kuzishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, kimyakimya, kwa miezi au hata miaka, kabla hamjaona lolote.

Swali: Kwa hiyo mwenye vinasaba hivyo lazima augue?

Jibu: Hapana, wengi hawaugui maisha yao yote. Hata mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua, mwenzake anaweza asiugue. Lipo jambo jingine linalowasha moto, na virusi fulani vya tumboni ni miongoni mwa vinavyoshukiwa.

Swali: Si zile soda na juisi za boksi?

Jibu: Si hizo. Usijitese kwa hilo.

Swali: Nina wengine wawili nyumbani. Niwapime vinasaba?

Jibu: Tafiti za Ulaya na Marekani zinaonyesha kwamba ndugu wa mgonjwa huupata kama 5 kati ya 100, kwa hiyo wengi wanasalimika. Kipimo cha vinasaba hakikwambii nani ataugua. Kipo cha damu kinachotafuta kingamwili zinazoishambulia kongosho, nacho mwulize daktari wa kliniki ya mtoto. Ila ningekuwa wewe, ningeyaweka macho yangu kwenye mambo ya nyumbani: mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena, anaamka usiku kulitafuta jagi la maji, anakula vizuri lakini kaptula ya shule inamshuka kiunoni, sisimizi wamejaa pale alipokojoa.

Hapa Dar mtoto akichoka na kutapika, wazo la kwanza ni malaria, na ni haki kumpima. Lakini mwambie mhudumu, "Naomba na sukari mumpime." Ni tone moja la damu kidoleni, na jibu linatoka hapo hapo. Mwenye dalili hizo, mashine ikisoma 11.1 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi, aende hospitali siku hiyo hiyo. Na akishaanza kuhema kwa nguvu huku pumzi ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, msingoje kupambazuke. Tafuteni bajaji, teksi, gari la jirani, chochote kinachotembea usiku huo, afike penye insulini. Dawa ya mitishamba haiwezi kushika nafasi yake, na nasema hivi nikijua anayekupa mitishamba hiyo ni bibi yake anayempenda.