Mtoto anayesomea nyumbani hana kengele: tabia njema hujengwaje?

Mzazi anayeamua kumsomesha mtoto wake nyumbani huanza na vitabu, ratiba na meza. Wiki chache zikipita ndipo anapotambua kuwa herufi na hesabu hazikuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ni mtoto wa miaka mitano aliyebaki na nguo za kulalia hadi saa nne asubuhi, anayeangua kilio akiambiwa aache mchezo, na anayeitikia "bado kidogo" mara tano kabla hajanyanyuka. Wazazi wanaokuja katika kitengo chetu cha ushauri wa malezi huuliza mtaala upi ni bora. Mara nyingi mazungumzo huishia kwenye swali jingine: asubuhi kitanda cha mtoto anatandika nani?

Shule, hata isiyo nzuri sana, humpa mtoto mambo ambayo hatuyaoni mpaka yakosekane. Kengele hulia. Sare ikishavaliwa, siku imebadilika. Yupo mwalimu ambaye si mama wala baba, na kukosana naye hubaki hukohuko darasani. Nyumbani hakuna hata kimoja. Meza ya chakula ndiyo ya hesabu, anayefundisha kusoma ndiye anayeogesha, na ugomvi wa asubuhi juu ya silabi mbili unaweza kufika hadi usiku. Kwa hiyo tabia ambazo shule huzishikilia kwa kengele, nyumbani inabidi zishikiliwe na mpangilio wa siku yenyewe.

Tabia haikai hewani, hushikamana na kitu kinachoitangulia. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 96, kila mmoja akiwa amechagua tendo moja dogo la kufanya kila siku baada ya jambo lilelile, kwa mfano kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani tendo lilihitaji siku 66 hivi ili lifanyike bila kufikiriwa, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Hao walikuwa watu wazima, wenye nia na uamuzi wao. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba mtoto hubadilika kwa siku 21, usiumie moyo siku ya ishirini na mbili ikifika. Matokeo hayohayo yalionyesha pia kuwa kuruka siku moja hakubomoi kilichojengwa, habari njema kwa nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa.

Mtoto wa miaka minne hana habari na saa ya ukutani. Anachokielewa ni kwamba hiki hufuata kile. Badala ya kumwambia masomo yanaanza saa tatu, sema: tukimaliza kuondoa vyombo mezani, tunafungua kitabu. Vyombo ndiyo kengele yake. Mpangilio huo usibadilike hata siku ambayo saa imesogea, na mpe kazi anayoiweza kwa mikono yake, kama kupeleka kikombe au kufuta mezani. Masomo yakiisha, penseli za rangi hurudi kwenye kopo kabla ya kutoka nje kucheza. Mara za kwanza simama naye, mzirudishe pamoja. Baadaye simama tu. Baadaye kaa upande wa pili wa chumba. Wengi huruka hatua hizi: wanatoa amri leo, wanatarajia tabia kesho, kisha wanamwita mtoto mkaidi.

Na hapa kuna kosa dogo linalofanywa kwa mapenzi mema. Mtoto ametandika kitanda, shuka limepinda, mto umelala kifudifudi. Mzazi anasema "hongera", kisha mtoto akigeuka anatandika upya. Mtoto huona. Anachojifunza ni kwamba kazi yake ilikuwa ya kuigiza na ya kweli hufanywa na mama. Acha shuka lipinde. Siku ya wiki ijayo, wakati wa kutandika, mwonyeshe namna ya kuvuta pembe moja.

Zawadi nazo zina mtego. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio na watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore, na wakakipata, baadaye walichora kwa hiari yao kidogo kuliko wenzao wasioahidiwa chochote. Waliopewa cheti bila kutegemea hawakupoteza hamu. Jaribio la Felix Warneken na Michael Tomasello la mwaka 2008 lilikuta jambo la aina hiyo kwa watoto wa miezi 20: waliolipwa kitu cha kuchezea kwa kusaidia walipunguza kusaidia malipo yalipokoma. Sisemi stika za kumtuza mtoto zitupwe. Kwa kazi inayomchosha mtoto kweli, kama kuketi kwenye poti au kumeza dawa, zinasaidia kuvuka. Lakini usimlipe kwa jambo analolipenda tayari, wala kwa wema kwa mdogo wake. Mwambie ulichokiona: "Umemsogezea mtoto kiti, amefika mezani."

Subira ya mtoto kwa sehemu kubwa hutegemea kama neno la mtu mzima linaaminika. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walichapisha jaribio lao na watoto wa miaka 3 hadi 5. Kwanza mtu mzima aliwaahidi vifaa vizuri zaidi vya sanaa. Kwa kundi moja alivileta, kwa jingine alirudi mikono mitupu. Kisha kila mtoto aliwekewa peremende, akaambiwa akisubiri atapata ya pili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri dakika 12 kwa wastani. Walioangushwa, dakika 3. Mtoto anayenyakua huenda hana pupa. Anafanya hesabu yake sawasawa kutokana na anayoyajua kuhusu nyumba yake. Anayesomea nyumbani hupokea ahadi zake nyingi kutoka kwa mtu mmoja, tangu anapoamka: "nakuja sasa hivi", "tutasoma hadithi baadaye", "ukimaliza tutatoka". Zihesabu kwa siku moja, uone ngapi zilitimia. Dawa yake si kuahidi sana na kujitahidi zaidi, ni kuahidi machache.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Anayeshinda na mzazi kutwa nzima huokota mengi asiyofundishwa: namna unavyojibu simu ya mtu usiyempenda, unavyotafuta funguo zilizopotea, unavyomwomba radhi ukimkaripia bure. Ukimkataza skrini huku yako iko mkononi, somo lililobaki ni la skrini.

Kuhusu uongo, wazazi huogopa kupita kiasi. Mtoto wa miaka minne anayekana kumwaga maji yuko katika umri wa kujaribu hilo. Utafiti wa Victoria Talwar wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 kwa watoto wa miaka 4 hadi 8, ulikuta kuwa tishio la adhabu lilipunguza kusema kweli, na kumweleza mtoto umuhimu wa ukweli kulisaidia. Usimuulize "nani amemwaga?" wakati unajua. Mpe kitambaa afute.

Usingizi nao utazame kwanza, kabla hujamtafutia mtoto kasoro ya tabia. Wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo.

Anza na tabia moja tu, ile inayokugharimu kelele nyingi zaidi. Ukidhani imeshika, acha kukumbusha kwa wiki moja, utazame. Akisahau siku moja, mwonyeshe kopo la penseli kwa kidole bila hotuba. Akisahau kila siku, rudi kusimama naye kama mwanzo, na ya pili ingoje.