“Nalilenga Jicho!”: Dhana Potofu Kuhusu Kulenga Kiungo Kwenye Michezo ya Kuigiza ya Mezani

Katika michezo hii kila mchezaji anaigiza mhusika wake, msimulizi anaendesha hadithi na maadui, na dadu huamua kama pigo limepata. Tuchukue pambano la meza yetu hapa Iyunga, Mbeya. Wahusika wanne wameshuka hadi ukingoni mwa Ziwa Ngozi, joka limeibuka majini na pointi zake 100 za uhai, ambazo zikiisha limekufa. Dadu haijarushwa, mtu keshapaza sauti: “Nalilenga jicho!” Hapo mabishano yanaanza na chai inapoa.

Dhana: usipotaja kiungo, mhusika wako anapiga ovyo.
Sivyo. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974, anayeshambulia anachukuliwa kuwa tayari anatafuta upenyo mzuri kuliko wote. Toleo la tano la mwaka 2014 linaeleza wazi kuwa pointi za uhai ni mchanganyiko wa ustahimilivu wa mwili na akili, nia ya kuishi, na bahati. Joka lililobakiza pointi 60 si lazima liwe limechanwachanwa. Huenda linahema tu na bahati inaliishia. Mshale wa jicho msimulizi anauweka pale pointi zinapokwisha, au dadu ya pande 20 ikitua kwenye ishirini yenyewe.

Dhana: ukimkata anayelenga kiungo alama tano kwenye mrusho wake wa dadu, haki imetendeka.
Hili ndilo linaloharibu meza nyingi, kwa hiyo tupige hesabu. Kwenye dadu ya pande 20, alama tano ni asilimia 25. Aliyekuwa anapata kwa asilimia 65 anabaki na 40. Inaonekana adhabu kali, sivyo? Sasa wote wanne walenge jicho katika mzunguko mmoja: uwezekano kwamba angalau mmoja atapata ni kama asilimia 87. Kama jicho maana yake kifo, joka la pointi 100 limekufa kabla halijafungua mdomo, na pambano uliloliandaa wiki nzima limekwisha kama maandazi ya saa moja asubuhi.

GURPS, mchezo mwingine wa kuigiza, wa Steve Jackson, uliotoka 1986, unaruhusu kulenga kiungo, lakini bei yake inauma. Ukilenga mkono au mguu, ujuzi wako unakatwa 2, fuvu 7, jicho 9. Unarusha dadu tatu za kawaida, na jumla isizidi ujuzi wako. Mwenye mkuki na ujuzi wa 12 akilenga jicho anabaki na 3, yaani nafasi isiyofika asilimia 2. Anaweza kujitosa mzima mzima apate nyongeza ya 4, afike kama asilimia 16, ila hapo haruhusiwi tena kukwepa wala kukinga. Na adui naye bado ana haki ya kujikinga. Bei ya namna hiyo naiheshimu.

Dhana: kanuni ya kulenga kiungo inawapendelea wachezaji.
Joka linapigana mara moja na kufa. Mhusika wako anashambuliwa kila kikao, miezi na miezi. Kila ruhusa uliyopewa wewe, majambazi wa njiani wanayo pia, na wao wako wengi. Nikimwambia mchezaji, “Sawa, lakini na mimi nalenga macho yenu,” mara nyingi ombi linafutwa hapo hapo.

Dhana: kupiga sehemu za siri ni utani tu.
Kwa wengine, ndiyo. Wengine hawataki kusikia habari za kukatwa viungo kabisa. Ulizeni kabla ya kikao cha kwanza, dakika mbili zinatosha.

Dhana: msimulizi ama akubali yote, ama akatae.
Muulize mchezaji anataka nini kitokee. Anayelenga mkono kwa kawaida anataka silaha idondoke, na kitabu cha msimulizi cha Dungeons & Dragons cha 2014 kina kanuni ya hiari ya hilo: mrusho wa shambulio unashindanishwa na nguvu au wepesi wa mlengwa. Akishinda, silaha inaanguka bila kupunguza pointi hata moja. Anayelenga jicho anataka joka lisione. Mimi humpa hivi: akipata, anaacha nusu ya madhara yake, na shambulio linalofuata la joka linarushiwa dadu mbili, inachukuliwa iliyo ndogo. Baada ya hapo joka linapepesa macho na vita vinaendelea.