Msimu wa kusi: tanga dogo peke yake halitoshi

Ukisimama ufukweni Paje, mashariki ya Unguja, mwezi wa Julai, uso ukiwa baharini, upepo wa kusi unakupiga bega la kulia. Maana yake ukitoka na ubao wa tanga (windsurfing), mkono na mguu wa kulia ndio wa mbele, na ukishindwa kujimudu utasukumwa kuelekea Bwejuu, siyo bahari kuu. Mpaka hapo ni salama. Shida inaanza upepo unapozidi na vifaa havikupangwa kwa upepo huo.

Kwa ukubwa wa tanga mimi hutumia hesabu fupi. Zidisha kilo zako kwa 2.6, gawa kwa kasi ya upepo ya kilomita kwa saa, na jibu ni mita za mraba za tanga. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa, mtu wa kilo 75 anahitaji tanga la kama 4.9. Kwenye kilomita 50 ni 3.9. Usiidharau tofauti hiyo, kwa sababu nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi: kutoka kilomita 30 hadi 45, kinachokuvuta kimefika mara mbili na robo. Kama hujazoea, piga hesabu kwa kasi ya dharuba zenyewe, usipige kwa wastani.

Sasa tuje kwenye jambo linaloangusha watu wengi. Mtu anaweka kando tanga la 5.7, anachukua la 4.5, halafu analifunga likiwa na tumbo. Dharuba ikija, lile tumbo linasogea nyuma, mkono wa nyuma unalemewa, pua ya ubao inanyanyuka. Anadhani tanga bado kubwa, kumbe halikuvutwa. Aliyepanda ngalawa anajua goshi, kona ya chini ya mbele ya tanga, na demani, kona ya nyuma. Humu pia ni kona hizo hizo mbili, ila ya goshi ndiyo yenye kazi kubwa.

Soma namba zilizoandikwa karibu na kona ya chini ya tanga. Zikisema 408 kwa upande wa mlingoti na 165 kwa upande wa bumu (upinde unaoushika kwa mikono), na mlingoti wako ni wa sentimita 400, weka kiongezo cha chini, kipande kinachorefusha mlingoti, kwenye 8. Kaa mchangani, kanyaga kitako cha mlingoti kwa mguu, zungusha kamba ya goshi kwenye kijiti kigumu, uvute kwa mgongo na miguu. Mikono peke yake haifiki. Utajua imetosha ukitazama kileleni: kitambaa cha ukingo wa nyuma, kushuka mpaka fito (kijiti kinachokaza tanga) ya pili au ya tatu, kimelegea kiasi kwamba ukikisukuma kwa kidole kinapepea. Ulegevu huo unaonekana kama kasoro, na wengi huuogopa, lakini ndio unaoachia dharuba ipite juu badala ya kukubeba. Tazama pia fito iliyo juu kidogo ya bumu. Ncha yake isivuke nusu ya unene wa mlingoti. Ikivuka, ongeza kuvuta.

Kamba ya demani ni ya mwisho. Ivute sentimita 2 au 3 kupita pale tanga linapoanza kukaza, na upepo ukizidi ongeza moja au mbili. Haiwezi kufanya kazi ya goshi hata ukiivuta mpaka ikatike. Na mchanga wetu mweupe ni laini mno: suuza kwa maji baridi maungio ya mlingoti kabla ya kuyaunga, la sivyo jioni hayatoki.

Tanga likipungua, ubao na pezi vipungue pia. Ubao wa ujazo wa lita 120 chini ya tanga la 4.5 unadunda juu ya maji kama dumu tupu. Kwa anayejua kuanzia majini, yaani kunyanyuliwa na tanga mpaka juu ya ubao, lita zinazokaribia kilo zake zinatosha. Asiyejua bado, upepo huu si wake. Pezi la sentimita 32 kwa tanga hilo hunyanyua mkia. Sentimita 23 au 24 zinamudu. Kisha sogeza kitako cha mlingoti mbele sentimita 1 au 2 na shusha bumu sentimita 2. Mkono wa nyuma ukiendelea kuchoka kuliko wa mbele, kamba za kujining'iniza kwa kulabu ya mkanda wako zisogezwe nyuma upana wa kidole.

Ukiwa njiani, dharuba ikipiga, usiachie tanga lote. Ukiliachia, uzito unatoka kwenye kitako cha mlingoti na ubao unaruka. Kaa chini kama unayekalia kigoda kifupi, nyosha mguu wa mbele, ning'iniza uzito wote kwenye kulabu, kisha elekea joshi, upepo unakotoka, kidogo mpaka kasi ipungue. Kukimbia na upepo ndiko kunakoongeza kasi. Ukirushwa, shikilia bumu. Anayeachia ndiye anayegonga mlingoti kwa kichwa. Ukichoka kabisa, kaa juu ya ubao, nyosha mikono miwili pembeni, uiinue na kuishusha polepole tena na tena kuomba msaada. Usiuache ubao ukaogelea peke yako.

Maji nayo yana hesabu yake. Siku za bamvua bahari hupanda na kushuka hadi kama mita 4, na yakipwa, miti na kamba za mashamba ya mwani hukaa sawasawa na pezi lako. Mashamba hayo ni riziki ya kina mama. Kata njia kwa mbali, hata kama maji yanaonekana kutosha. Ingia yakiwa yanajaa, na urudi yakiwa bado yanafika kiunoni, kabla hujaanza kutembea juu ya mawe na viumbe wenye miiba huku dharuba inavuta tanga mkononi.