Homa ya 99? Tazama Herufi Kwanza

Vipimajoto vingi vya dijitali vinavyouzwa katika maduka ya dawa hapa Tanga vina vipimo viwili ndani ya kifaa kimoja: Selsiasi na Farenhaiti. Kitufe kikibonyezwa kwa muda mrefu, na watoto hupenda kuvibonyeza, kifaa kinahama kutoka kimoja kwenda kingine. Ndipo wazazi wanapotuletea sisi wa vifaa tiba kipimajoto "kilichoharibika", eti kinasoma 99. Kifaa ni kizima. Pembeni ya namba kuna herufi ndogo, C au F, na hapo imeandikwa F.

Mwili wenye afya huwa karibu na nyuzi 37 za Selsiasi, sawa na 98.6 za Farenhaiti. Ukipima kwapani, homa huanza kuhesabiwa kwenye 37.5, yaani 99.5 kwa Farenhaiti. Kwa kichanga wa chini ya miezi miwili, kiwango hicho kinatosha kumkimbiza hospitali, na vilevile akishuka chini ya 35.5. Usisubiri kukuche.

Daniel Gabriel Fahrenheit alitangaza kipimo chake mwaka 1724: maji huganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212. Anders Celsius wa Sweden alifuata mwaka 1742, ila yeye aliweka 0 kwenye kuchemka na 100 kwenye kuganda. Wenzake waliugeuza mpangilio huo baada ya kifo chake, na ndio tunaoutumia leo. Marekani bado wanatumia Farenhaiti majumbani na kwenye utabiri wa hali ya hewa, hivyo kifaa ulichotumiwa na ndugu aliyeko huko huenda kikaja kimewekwa F.

Kubadili kwa kichwa si kazi. Chukua Selsiasi, zidisha mara mbili, punguza asilimia kumi ya jibu, kisha ongeza 32. Mfano 37: mara mbili ni 74, toa 7.4 unabaki na 66.6, ongeza 32 unapata 98.6. Kurudi nyuma, toa 32 kisha gawanya kwa 1.8. Mpishi wa keki anayefuata maelekezo ya Kimarekani ya 350 ataona kwamba oveni yake yenye alama za Selsiasi aiweke karibu na 180.

Ila ile 32 inahusu joto lenyewe tu. Ukisikia joto la dunia limepanda kwa nyuzi 1.5 za Selsiasi, ongezeko hilo ni 2.7 kwa Farenhaiti, si 34.7. Hata watu wazima wenye vyeti huteleza hapo.

Kelvini, kipimo cha tatu cha joto, hutaikuta dukani. Ni ya maabara, inaanzia kwenye ubaridi wa mwisho kabisa, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Ndiyo inayoonyesha kwamba mchana wa nyuzi 30 hapa mjini hauna joto mara mbili ya asubuhi ya nyuzi 15 kule Lushoto: ni kelvini 303 kwa 288.

Kwenye mwili wa mtu, C na F hazigongani; hakuna aliye hai mwenye 99 ya Selsiasi. Kwenye friji ndipo penye hatari. Insulini, dawa ya kisukari, ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, yaani 36 hadi 46 za Farenhaiti. Sasa umeme umekatika, kipimajoto cha ndani kinasoma 36. Kama ni F, dawa iko salama. Kama ni C, humo ndani ni kama juani Raskazone saa nane mchana.

Upande wa pili nao upo: friji yenye kidhibiti cha F ikiwekwa kwenye 2 hadi 8, insulini itaganda, na ikishaganda haitumiki tena hata ikiyeyuka.

Namba 1 hadi 7 zilizo kwenye kitufe cha friji nyingi za nyumbani si nyuzi kabisa. Ni nguvu ya kupooza, na kwa kawaida namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Kwa hiyo mwenye kisukari anunue kipimajoto kidogo cha friji, akiweke rafu ya katikati karibu na dawa, mbali na mlango na mbali na sehemu ya barafu, akisome asubuhi na jioni, na kila umeme unaporudi.