Je, wajua hedifoni yenye spika mbili inajuaje kwamba adui yuko nyuma yako?

Jibu fupi: haijui. Hedifoni haina habari na adui wala ngazi anayopanda. Anayejua ni gemu lenyewe, na kabla sauti haijaingia kwenye waya, limeshaipitisha kwenye sikio la bandia lililotengenezwa kwa hesabu. Mimi nilichelewa kulielewa hilo, na kuchelewa kwangu kuligharimu shilingi 95,000.

Nilikuwa natafuta hedifoni ya kuchezea Counter-Strike, gemu la kupigana kwa bunduki, kwenye kompyuta. Duka lenyewe liko Arusha mjini, jirani na Soko Kuu, moja ya yale ambayo mbele kumening'inia makava ya simu na chaja, halafu vitu vya maana vinatolewa chini ya kaunta. Boksi lilikuwa limeandikwa 7.1 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kampuni. "Chalii yangu, hii ina spika saba na besi moja," muuzaji akaniambia. "Mtu akikanyaga majani nyuma yako unamsikia." Nikalipa. Siwezi kumlaumu, maana na mimi niliamini vilevile. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba nne zinakaa kulia na nne kushoto.

Miezi michache baadaye bawaba ya upande wa kushoto ikavunjika, nikaipeleka kwa fundi simu mmoja wa Kijenge. Akafungua skrubu nne, akaubandua ule mto wa sponji, akanionyesha ndani: spika moja, duara la plastiki laini lenye upana wa kama sentimita tano, na nyaya mbili nyembamba zilizolehemiwa nyuma yake. Akafungua na kulia. Spika moja. Nikamuuliza nyingine ziko wapi. Akaitikisa karibu na sikio lake, kama mtu anayekagua nazi, akanirudishia. "Kaka, ndizo hizo."

Namba ya 7.1 imetoka kwenye sinema. Maana yake ni chaneli saba za kumzunguka msikilizaji, na hiyo nukta moja ni chaneli ya pekee ya besi nzito. Ukumbini au sebuleni mpango huo una mantiki, kwa sababu spika ya nyuma kweli iko nyuma. Kwenye hedifoni zote ziko ubavuni mwa kichwa. Zipo hedifoni chache zilizopachikwa spika ndogondogo kadhaa kila upande, ila zikiwa zimebanwa sentimita moja au mbili kutoka sikioni, "mbele" na "nyuma" zinakuwa wapangaji wa chumba kimoja. Kwa nyingi zilizobaki, 7.1 ni habari ya programu: kompyuta inapokea chaneli nyingi, inazichakata, inazibana kuwa mbili. Boksi halikudanganya. Liliacha tu nijidanganye mwenyewe.

Na kosa langu halikuwa kuhesabu spika vibaya. Kosa lilikuwa kudhani kwamba zinahitajika. Ukiwa Mbuyuni sokoni pale Moshi, bodaboda ikipiga honi kisogoni kwako, unaruka upande unaostahili kwa kutumia masikio mawili. Sauti ya dunia nzima inaingilia kwenye matundu mawili. Basi ukiweza kufikisha kwenye kila tundu ile sauti hasa ambayo ingefika pale kutoka nyuma, ubongo hauna namna ya kulalamika.

Matundu hayo yanajuaje upande? Chukua watu wawili wa barabara ya Moshi–Arusha, mmoja yuko Usa River, mwingine Tengeru, na wewe uko nyumbani umeshika simu. Wa Usa River anapiga: basi jekundu limepita hapa. Dakika kadhaa baadaye wa Tengeru naye anapiga: limepita. Basi hujaliona, lakini unajua limetoka upande wa Moshi. Masikio hufanya hivyohivyo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na kuzunguka kichwa hadi sikio la pili kunaongeza sentimita ishirini na kitu. Hata sauti ikitokea ubavuni kabisa, sikio la mbali linachelewa kwa takriban milisekunde 0.65, yaani chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo unapokea simu zote mbili na kuzilinganisha, na wewe huna taarifa.

Dalili ya pili ni kivuli cha kichwa. Matarumbeta ya harusi yakipita mtaa wa pili, unachosikia ukiwa ndani ni lile dramu kubwa. Tarumbeta zenyewe zimekwama kwenye nyumba za watu. Sauti nene huzunguka vizuizi, nyembamba hukingwa. Kichwa ni nyumba ndogo ya aina hiyo katikati ya masikio. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, aliziweka dalili hizi mbili pamoja mwaka 1907, na bado ndizo zinazofundishwa.

Ila zinaishia kulia na kushoto. Warudie watu wetu wawili, safari hii kwa mvua. Wote wanapiga simu dakika ileile: imeanza. Imetoka wapi? Huenda imeshuka kutoka Mlima Meru, kaskazini mwa barabara, au imekuja kutoka mbuga za Simanjiro, kusini. Saa haikusaidii tena. Ndivyo ilivyo kwa sauti iliyo mbele ya pua na iliyo nyuma ya kisogo: zote hufika masikioni kwa pamoja, na kwa nguvu sawa. Na iliyo juu ya utosi pia.

Hapo itabidi umuulize mtu wa Tengeru kitu kingine: mvua yenyewe ikoje? Akisema imekuja na ukungu na baridi, ni ya mlimani. Akisema imetanguliwa na vumbi, ni ya kule chini. (Wakulima wa Tengeru watanisamehe, huu ni mfano tu.) Kwa upande wa sauti, anayeipa kila mvua harufu yake ni sikio la nje, lile lenye mikunjo ambalo wengi wetu tunadhani kazi yake ni kubeba hereni na miwani. Sauti ikifika, sehemu moja inaingia tunduni moja kwa moja, nyingine inagonga mikunjo kwanza na kuchelewa kidogo sana. Zikikutana, baadhi ya masafa, yaani ngazi za unene na wembamba wa sauti, yanakuzwa na mengine yanafutana. Yanayofutika sauti ikitoka mbele siyo yanayofutika ikitoka nyuma, wala juu. Ubongo umeikariri orodha hiyo kwa kuishi nayo.

Nilijaribu nyumbani. Nilikaa kwenye kiti katikati ya sebule, nikafumba macho, mdogo wangu akazunguka akitikisa rundo la funguo. Kila alipotikisa nilinyoosha kidole, na sikukosa. Kisha nikajaza mikunjo ya masikio yote mawili kwa donge la unga wa chapati, nikiacha matundu wazi. Akatikisa tena. Nikaonyesha kwenye televisheni, kwa kujiamini kabisa. "Kaka, niko nyuma yako," akasema, na kwa kicheko kile nilijua jaribio limefaulu.

Unga wa chapati si maabara. Lakini mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi, Paul Hofman na wenzake, walichapisha jaribio la watu wachache waliovaa vibandiko vilivyobadilisha umbo la masikio yao kwa wiki kadhaa. Siku ya kwanza walipoteza uwezo wa kutambua juu na chini, huku kulia na kushoto kukibaki salama. Baada ya wiki kadhaa wakawa wamejifunza masikio mapya. Kinachonifurahisha ni mwisho wake: vibandiko vilipotolewa, masikio ya zamani yalifanya kazi papo hapo, kama mtu aliyejifunza Kimeru bila kusahau Kichaga chake.

Gemu linaiga mikunjo hiyo. Wapimaji huweka maikrofoni ndogo kwenye matundu ya masikio ya mtu, au ya sanamu la kichwa, wakapiga sauti kutoka pande nyingi na kurekodi kila moja inavyobadilika. Inapatikana ramani, ambayo kwenye menyu za magemu huitwa HRTF. Valorant, gemu jingine la bunduki, ina swichi yake. Counter-Strike ya sasa imeijenga ndani. Kwenye Windows 10 na 11 ipo Windows Sonic, ya bure, ambayo haijiwashi mpaka uiwashe mwenyewe.

Dosari ni kwamba ramani hiyo imepimwa kwenye masikio ya mtu mwingine. Kuna wanaowasha HRTF na kusikia nyayo nyuma yao bila shida. Kuna wanaosikia kila kitu kikiwa ndani ya fuvu, au cha mbele kikitokea nyuma. Kwa kuwa masikio hujifunza, ipe siku kadhaa kabla ya kuizima.

Na usiwashe mbili. Hili ndilo nililokuwa nikifanya: gemu linachakata, halafu programu iliyokuja na hedifoni yangu ya 7.1 inachakata tena juu yake. Ni sawa na kuvaa sikio juu ya sikio. Zima ya hedifoni, kwenye mipangilio ya sauti ya gemu chagua hedifoni au stirio, acha moja ifanye kazi.

Ukienda dukani, basi, hesabu ya spika iache. Dalili za mikunjo ziko kwenye sauti nyembamba, kuanzia karibu hezi 4,000 kwenda juu, kwa hiyo hedifoni inayojaza besi kila kona inakufunikia kilekile unachokitafuta. Ijaribu kwa wimbo unaoujua na usikilize kama shanga na kayamba zinatoka safi. Zenye mgongo wazi, yaani zisizozibwa nyuma ya spika, zinasifiwa kwa sauti yenye nafasi, na kweli zinayo, ila kama unakaa chini ya mabati, subiri masika uone. Za Bluetooth za kawaida huchelewesha sauti, na ukiwasha maikrofoni yake ubora unashuka hadi kama simu ya kupiga. Ukitaka isiyo na waya, tafuta ya masafa ya gigahezi 2.4 yenye kipokezi chake kidogo cha USB.

Kadi ya sauti? Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na kazi kubwa: kadi za kampuni ya Aureal zilifanya hesabu hizi za masikio zenyewe. Aureal ikafilisika, mshindani wake Creative akanunua mali zake mwaka 2000, na Windows Vista ya mwaka 2007 ikaifunga njia ambayo magemu yalitumia kuikabidhi kadi kazi hiyo. Leo prosesa inaifanya bila kutoa jasho. Kama kompyuta yako ya mtumba inatoa mlio wa zii kila ukisogeza mausi, hamisha plagi kutoka tundu la mbele kwenda la nyuma kwanza. Mlio ukiendelea, kadi ndogo ya USB inatosha. Kadi ghali ina maana ukiwa na hedifoni zenye ukinzani wa umeme wa omu 250 na kuendelea, ambazo tundu la kawaida huziendesha kwa unyonge.

Ya kwangu ilifungwa bawaba kwa gundi na inaendelea. Juzi mdogo wangu aliivaa, akasikia nyayo, akageuza shingo kutazama mlangoni. Kugeuza kichwa ndiyo njia ya asili ya kumaliza ubishi wa mbele na nyuma, kwa sababu sauti inahama na masikio yanasema. Kwenye hedifoni haikuhama, ilizunguka naye. Nikamwambia shingo yake iko mkono wa kulia, chini ya kiganja. Akasogeza mausi, ila kwa kuchelewa.